Msemaji wa Kukodi

Mwaka wa 2000, redio ilipoleta mjadala kama wabunge waruhusiwe kufanya kazi ya pili ya kulipwa, nilikuwa mlangoni mwa gereji ya shemeji yangu Hamimu, pale Buyenzi, mjini Bujumbura, nikiosha viti vya plastiki. Wataalamu watatu waliongea saa nzima. Wa kwanza alisema mbunge ni mtumishi wa taifa, asigawanye nguvu zake. Wa pili alisema mbunge naye ana watoto wa kusomesha. Wa tatu alikubaliana na wote wawili, na ndiye aliyeshukuriwa zaidi na mtangazaji.

"Shemeji Kudra," Hamimu akaita kutoka chini ya gari, "we unasema nini?"

"Mi ninasema wakatazwe ile ya ubunge. Hii ingine wabaki nayo."

Hamimu alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Alidhani natania, na yeye ndiye anayeijua habari yote, kwa maana ilianzia kwenye chumba chake cha nyuma nilikokuwa nalala katikati ya mitungi ya oili.

Mimi nina viti mia mbili na mahema manne, navikodisha kwenye sherehe. Biashara hiyo haikufa hata vita ilipokuwa mbaya, kwa sababu watu hawakuacha kuoana. Walibadilisha saa tu. Sherehe za mchana zikaanza saa sita, zikaisha kabla ya giza, na mtu aliyependa kuhutubia sana alionyeshwa saa ya mkononi. Ni katika sherehe hizo nilipomfahamu vizuri mbunge wetu, Honorable Herménégilde.

Tulimchagua mwaka wa 1993. Mimi mwenyewe nilipanga foleni mtaani kwetu Kamenge tangu alfajiri, na marehemu mume wangu Huseni alipanga nyuma yangu akiniambia nisisukumwe. Tulimpa miaka mitano. Vita ikaja, uchaguzi mwingine ukasahaulika, naye akabaki kitini. Sisi vita ilitunyang'anya nyumba, yeye ikamwongezea muda. Na huko kitini alifanya nini? Jovithe, jirani yetu wa zamani wa Kamenge ambaye ni mhudumu pale bungeni, anayebeba maji na kufuta meza, alituambia kwamba kwa miaka saba Honorable alinyanyuka kusema mara moja tu. Aliomba dirisha lifungwe.

Lakini umweke Honorable kwenye sherehe ya mahari! Hapo hapakuwa na mwenzake Bujumbura nzima.

Kwetu, familia ya mvulana ikienda kuomba msichana haijisemei yenyewe. Kila upande una msemaji wake. Mambo yote yamekwisha kupatanwa wiki nyingi nyuma, ng'ombe wamehesabiwa, tarehe imepangwa, lakini wasemaji hao wawili lazima wabishane mbele ya watu utadhani wamekutana barabarani asubuhi ile. Wa upande wa msichana anajifanya hajui wageni wamefuata nini. Labda wamekuja kununua maharage? Wa upande wa mvulana anazunguka, anasifu, anatania, anaomba. Akiwa hodari, utamlilia msichana usiyewahi kumwona.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na baba mdogo au mjomba, kwa kibuyu cha pombe na heshima. Sasa baba wadogo wako wapi? Wengine walikufa, wengine wako kambini Tanzania, wengine hawajulikani waliko na hakuna anayependa kuuliza. Familia nyingi zilijikuta zina bwana harusi, zina mahari, hazina mdomo. Honorable aliuona upungufu wa wajomba kama wafanyabiashara wengine walivyouona upungufu wa petroli, akaingia sokoni. Alilipwa kabla, ndani ya bahasha nzuri. Wakati bunge linakutana bei yake ilipanda, maana alikuwa anapoteza muda wa taifa.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Familia ilimwandikia kila kitu kwenye karatasi moja: majina, ukoo, mvulana amesoma wapi, ana mali gani. Alikuwa anaisoma mara moja garini, anaikunja, anashuka na kuongea dakika arobaini bila kukosea jina la bibi wa mtu. Niliwahi kumsikia anamliza padri. Nilimchukia, na bado nilikuwa nasogea karibu nisikie.

Sasa habari yangu. Tulikimbia Kamenge mwaka wa 1995, mimi na Huseni. Buyenzi nilifika peke yangu.

Miaka mitano baadaye watu walianza kurudi, nami nikaenda kutazama. Kuta zilikuwa zimeanguka. Mabati yalikuwa yamekwenda kuezeka nyumba za watu wengine. Kilichosimama ni lango tu. Huseni alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na lango lile alilitengeneza mwenyewe, akalipaka rangi ya bluu, akachimbia miguu yake kwenye zege mpaka wezi wakachoka. Juu aliweka mwezi mchanga na nyota. Mwezi ule aliukata wakati wa Ramadhani, saa tisa mchana, njaa inamuuma, kwa hiyo upande mmoja ukatoka mnene kuliko mwingine. Nilimcheka miaka yote. Siku ile nililishika lango nikalia kwa sauti, wala sikuona haya.

Nilitaka kurudi. Sikuwa na ndoto nyingine. Hamimu hakunifukuza, Mungu ambariki, lakini chumba cha mitungi ya oili si nyumba, na mwanawe alikuwa anakaribia kuoa.

Nikaambiwa kuna komisheni ya viwanja, parcelle tunavyoviita, visivyo na wenyewe. Kiwanja ambacho mwenyewe hajaonekana kinapewa mtu mwingine. Nikaenda na karatasi yangu ya zamani yenye jina la Huseni na muhuri wa komine, ofisi ya serikali ya mtaa. Karani aliitazama, akasema nzuri sana, lakini inabidi mbunge wa upande wetu aseme neno kwenye komisheni, kwa kuwa yeye ni mmoja wao na kila wakikutana analipwa posho ili aseme.

Basi nikamwandikia Honorable barua. Ya kwanza nilimwachia mlinzi wa nyumbani kwake. Ya pili Jovithe aliiweka bungeni, juu ya meza yake, chini ya glasi isiruke. Ya tatu nilimpa mkononi, kwenye sherehe moja Kanyosha, alipokuwa anafuta jasho baada ya kuongea. Aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaupigapiga mfuko mara mbili.

"Mama Kudra," akaniambia kwa upole, "hii ni kazi ya wananchi. Siwezi kuichanganya na kazi ya leo. Mi si mutu wa kuchanganya kazi. Ukuje bureau."

"Bureau yako inafungukaka lini, Honorable?"

"Kila siku," akasema, akaingia kupokea kuku.

Nilikwenda ofisini kwake mara nne. Kufuli lake nililifahamu kuliko uso wake.

Siku hiyohiyo ya Kanyosha, kabla hajaondoka, mtu wa ofisi alimfikia mbiombio na karatasi za komisheni. Ilibidi zisainiwe, gari lilikuwa linangoja, na Honorable alikuwa na mahari nyingine saa nane. Alitafuta pa kuandikia, akaona viti vyangu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Akaweka karatasi juu ya kile cha mwisho. Palikuwa na upepo, mimi nikamshikia pembe isipeperuke. Aliweka saini kwenye kila ukurasa bila kusoma hata mstari, akanishukuru. Nami nikasema hakuna shida, kwa adabu, kama mjinga.

Wiki sita baadaye nikapata kazi kubwa. Mzee Méthode, mkubwa mmoja serikalini anayekaa Kiriri, kule juu mji unapoonekana wote mpaka ziwani, alikuwa anapokea mahari ya binti yake Carmen. Bwana harusi alikuwa Valéry, mtoto wa mfanyabiashara wa sukari. Walikodi viti vyote mia mbili na mahema yote manne. Msemaji wa upande wa msichana alikuwa Mwalimu Gaspard, mjomba wa kweli, mstaafu, anayevuta maneno polepole. Msemaji wa upande wa mvulana ni nani, huna haja ya kuambiwa.

Nilisimama nyuma ya hema, karibu na nguzo. Wanawake walikuwa wamevaa imvutano, mavazi yetu ya kujifunga begani, za rangi za kila namna, bia na fanta zilipangwa kwenye majani ya migomba, na askari wawili walikuwa getini wakinusa nyama. Honorable alianza. Aliongea Kirundi, na Kirundi chake kilikuwa kitamu kuliko nitakavyoweza kukileta hapa. Alisifu mlima tulioupanda. Alisifu mama aliyemnyonyesha Carmen. Mwalimu Gaspard alimzuia hapa na pale, watu wakacheka. Kisha Gaspard akauliza swali linaloulizwa siku zote.

"Tumesikia sifa za kijana wenu. Mtoto wetu mtamlaza wapi?"

Honorable alingoja. Alijua kungoja, huyo mtu.

"Wazee wangu," akasema, "wengine hutafuta mke kwanza, nyumba baadaye. Kijana wetu alianza na lango. Nendeni Kamenge, juu kidogo ya hospitali kubwa. Mtaona lango la chuma, la bluu, miguu yake imezama kwenye zege. Nyumba haijajengwa bado, maana hakutaka kujenga kabla ya kumuuliza mwenye nyumba anataka madirisha mangapi. Lakini lango liko. Na juu yake ameweka mwezi na nyota. Mnajua ni kwa nini? Ili Carmen akichelewa kwa mama yake, apate wa kumwangazia njia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bado hakuwa amemaliza.

"Na mwezi wenyewe upande mmoja umenona. Ndiyo! Ni mwezi wa nyumba ya kushiba."

Mwezi uliokatwa na mtu aliyefunga, tumbo tupu, ndio ulikuwa umekuwa mwezi wa kushiba. Na aliyeuuza kwa maneno matamu ni yule niliyemwandikia barua tatu. Hapo ndipo nilipoelewa nilishika pembe ya karatasi gani kule Kanyosha.

Najua ningenyamaza kama ningekuwa na akili. Palikuwa na askari, palikuwa na mkubwa, na mimi ni mama wa viti. Lakini nilitembea mpaka katikati, kwenye ile nafasi wazi ya wasemaji, na kilemba changu kichwani. Kirundi kikanikimbia chote. Kilichotoka ni Kiswahili cha Kamenge.

"Apana! Ile lango ni ya kwangu! Ni bwana yangu aliitengeneza. Mi njo mwenyi ile parcelle, na bado niko muzima!"

Mahali pote pakalipuka kwa kicheko.

Nikueleze ni kwa nini, maana mtu wa mbali hataelewa. Katika sherehe zetu ni kawaida familia kupanga mtu wa kuleta vurugu ya kuchekesha. Mara nyingi ni mama mzee. Anaruka katikati, anasema msichana huyo ameshaahidiwa mjukuu wake, anakataa katakata, mpaka anatulizwa kwa kreti ya bia na anaondoka akicheza. Watu walidhani mimi ndiye. Na kwamba niliongea Kiswahili cha mtaani huko Kiriri, mbele ya wakubwa, hilo liliwachekesha hata zaidi.

Honorable alifurahi kuliko wote. Fundi hupenda kazi ngumu.

"Nimesikia kilio cha mama!" akasema, mikono juu. "Nani asiyelitamani lango kama lile? Kijana wangu, mama asiondoke na kiu!"

Wakaniletea kreti. Walikuwa wameniangalia kilemba wakaona mimi ni Mwislamu, wakaleta fanta. Chupa ishirini na nne za fanta ya machungwa, zikawekwa miguuni pangu, badala ya nyumba yangu. Watu wakapiga makofi.

"Honorable," nikamwambia, "mi ni Kudra. Nilikupatia barua tatu."

"Hata barua ziko!" akawaambia watu. "Familia hii imejitayarisha!"

Mfanyabiashara wa sukari, baba wa Valéry, alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho.

Basi nikafanya kazi yangu. Nilikwenda kwenye kiti cha Honorable, ambacho kilikuwa wazi kwa kuwa amesimama, nikakinyanyua. Nikaenda kwa baba wa Valéry nikamwambia, "Baba, simama tafazali." Akasimama! Alisimama huku anacheka, akidhani ni sehemu ya mchezo. Nikachukua kiti chake nikakiweka juu ya kile cha kwanza. Wa tatu alisimama hata sijafika. Mkurugenzi mmoja na mkewe walisimama wameshikana mikono. Mstari wote wa mbele wa wakubwa wa Bujumbura ulinipa viti vyangu kimoja kimoja, ukishangilia, na mnara wa plastiki ukapanda mpaka kifuani mwangu.

Nikafika kwa Mzee Méthode. Yeye hakusimama, na hakuwa anacheka.

Alimgeukia Gaspard, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Huyu mama, ni sisi tulimupanga?"

"Apana," Gaspard akasema. "Mi nilizani ni wa wale."

Mzee akawatazama wale wa upande wa pili. Baba wa Valéry, kitambaa bado mkononi, alitikisa kichwa. "Sisi tulizani ni wenu."

Kicheko kilikufa kuanzia mbele, kikaendelea kufa mstari kwa mstari mpaka kwa wapishi. Waliosimama walitazama mahali viti vyao vilipokuwa.

"Mama," Mzee Méthode akaniambia, "we ni wa nani?"

"Mi ni wa viti, Muzee. Na ile parcelle."

Nilitoa karatasi kifuani. Ilikuwa imelowa jasho lakini jina la Huseni lilisomeka, na muhuri pia. Alivaa miwani, akasoma yote, hata mgongo wake. Yeye alisoma. Nilitaka kumbusu mkono kwa hilo tu, kisha nikakumbuka kwamba kusoma karatasi si fadhila.

"Honorable," akasema bila kupandisha sauti, "hii parcelle ilitolewa na nani?"

"Ni commission, Excellence."

"Ndani ya commission, upande wa Kamenge, nani njo anasimamiaka watu?"

Honorable alirekebisha tai. Akaitazama karatasi ya familia aliyopewa, kana kwamba jibu lilikuwa humo.

"Alisaini juu ya kiti yangu," nikasema. "Mi njo nilimushikia karatasi."

Usinidhanie kwamba Mzee Méthode alipenda haki. Sijui alipenda nini. Alipenda binti yake, na aliona aibu mbele ya watu mia mbili, wakubwa wenzake wamesimama. "Carmen hatalala mahali kuna mutu analia," akasema. "Mumalize hii mambo hapa, mbele ya watu, ao muchukue ng'ombe zenu muende." Jua lilikuwa limekwisha kuelekea milima ya Congo, na baada ya giza hakuna aliyeruhusiwa kuwa barabarani. Baba wa Valéry alimtazama Honorable kwa jicho la mtu aliyelipa kabla.

Na Honorable akaongea. Bila karatasi!

Aliwapa mgongo waliomlipa, akasimama kando yangu, bega kwa bega, akaomba kwa niaba yangu. Alisema kuhusu mwanamke aliyerudi akakuta kuta zimelala na lango limesimama. Alisema chuma kinamkumbuka aliyekichomelea. Alisema kuna mikono iliyozikwa mbali na kazi yake, na kwamba kuichukua kazi ya mikono hiyo ni kuizika mara ya pili. Wanawake waliinamisha vichwa. Gaspard alivua miwani. Kisha Honorable akavuka hatua tatu, akasimama upande wa Valéry, akajijibu mwenyewe: tumesikia, mama, tunakurudishia lango lako, kijana atatafuta mahali pengine. Baba wa Valéry akaitikia kwa kichwa. Makofi yakapigwa ambayo sijawahi kuyasikia kwenye mahari yoyote.

Mimi nililia. Nasema kweli, nilimlilia Huseni mbele ya wale watu kwa maneno ya yule mtu, na nilijichukia kwa kila chozi. Dakika kumi tu! Miaka saba alikuwa nayo hiyo sauti, ameifungia kifuani pamoja na barua yangu.

Nikarudisha viti. Wakaketi. Carmen akatolewa ndani, mrembo, akalia kidogo kama inavyopaswa, na sherehe ikaisha saa kumi na moja na nusu.

Jumatano iliyofuata karani alikata jina la Valéry kwa rula, akaandika la Huseni juu yake. Akanigeuzia daftari nihakikishe. Nikaona kwamba kwenye ukurasa ule, chini ya saini ileile ya Honorable, yalikuwapo majina mengine kumi na moja ya watu wa Kamenge, yote yamekatwa, na juu ya kila moja pameandikwa la mgeni. La nne lilikuwa la Jovithe, aliyeweka barua yangu chini ya glasi.

Nilimwambia Jovithe. Akauliza, "Huyo mwenyi kupewa ya kwangu, ameshaoa?"

"Ameoa zamani. Iko na watoto ine."

"Basi, hakuna mahari ya kusimamisha," akasema Jovithe.

Nilikuwa bado nimekaa na neno hilo, siku ya Ijumaa, wakati Musafiri, dereva wa Honorable, aliposimamisha gari mbele ya gereji. Honorable mwenyewe alikuwa ndani, kiti cha nyuma, kioo kimepandishwa. Musafiri alishuka, akasimama mbele yangu akiona haya, maana ni mtu mzuri.

"Mama Kudra, Honorable anakusalimia. Anasema ile siku ya Kiriri alikusemeaka we, na ile haikukuwa ndani ya mapatano na wale wa mahari. Anasema bei ni ile ya kawaida. Sababu unatoka Kamenge, atakupunguzia."

Hamimu alitoka chini ya gari polepole, spana mkononi. Nikamwashiria atulie.

"Mwambie Honorable angoje kidogo," nikasema. "Namuletea bahasha yake."

Nikaingia chumbani. Nilikuwa na bahasha nzuri, za karatasi nene, zenye maua pembeni, zile zinazonunuliwa na familia kwa ajili ya wasemaji; huwa zinasahaulika kwenye viti vyangu. Nikachukua moja. Nikaketi juu ya mtungi wa oili nikaandika barua ya nne, fupi. Viwanja kumi na moja, majina kumi na moja, la Jovithe juu kabisa. Nikaongeza karatasi mbili tupu ili iwe nene mkononi, nikaifunga kwa gundi.

Musafiri aliipokea kwa mikono miwili. Kioo kikashuka, vidole vikatoka, bahasha ikaingia.

Barua zangu tatu za kwanza hakuzifungua. Hii aliipasua kabla Musafiri hajawasha gari, akachungulia ndani, akaigeuza na kuitikisa juu ya magoti yake, na karatasi ya majina ikaanguka mbele ya macho yake, wazi, mwandiko mkubwa. Nikainama dirishani.

"Soma, Honorable," nikamwambia. "Ni kazi ya wananchi."